Chumvi Ndani ya Hodhi la Raskazone

Mzungu aliyemuuzia baba nyumba ya Raskazone alituachia chumba kidogo uani, na ndani yake hodhi la saruji la mviringo. Alikuwa akikaa humo jioni na wageni wake, maji ya moto hadi kifuani, katika mji ambao mtu hutoka jasho hata akiwa amelala. Sisi tulilitumia kuwekea nazi.

Niliporudi likizo kutoka chuoni Kampala, nilimkuta mama anaswali kitini. Magoti yake yalikataa kukunjika tangu homa ya masika. Daktari alimwambia akae kwenye maji ya moto kila siku. Mama hakulalamikia maumivu. Alilalamikia kwamba hajasujudu tangu masika, na Ramadhani ilikuwa inakaribia.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amekuja kutoka Mwera kumuuguza na alikwisha kuitawala nyumba nzima. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akivitazama viatu vyangu.

"Msomi amerudi," alimwambia mama. "Sasa tutaulizwa hata kwa nini tunapumua."

Nilizitoa nazi hodhini. Hita ya zamani ya kuchemshia maji ilikuwa imeganda chokaa kama jiwe, na ile swichi ya kukata umeme maji yakishapata moto ilikuwa imeungua ikawa nyeusi. Nilinunua hita mpya na swichi mpya kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vifaa vya umeme, ambaye aliniuliza kama nina hakika sitaki kumwita fundi. Kwa kukereka nilimwambia ninayo hakika. Nikafunga hita, nikabadilisha mpira wa bomba uliokuwa ukivuja, nikavuta nyaya upya kwa kuwa za zamani zilitafunwa na panya. Maji yakapata moto na swichi ikajizima yenyewe. Nikamwonyesha shangazi jinsi ya kuzima swichi kubwa ya ukutani kabla mama hajaingia majini.

"Na chumvi inatiwa wapi?" aliuliza.

"Haitiwi."

"Mtu hukandwa kwa maji matupu?"

Kwao, maji ya kumkandia mgonjwa hutiwa chumvi ya mawe na majani ya mwarobaini. Nilimwuliza chumvi inafanya nini ndani ya goti lililofunikwa na ngozi. Akasema inavuta baridi. Nikamwuliza baridi hiyo ina umbo gani, na ikishavutwa inakwenda wapi. Akaniambia nikamwulize aliyenifundisha kumjibu mkubwa. Nilimweleza, kwa sauti ambayo sasa naiona ilikuwa ya mtu aliyejiona ana haki kabisa, kwamba chumvi itaila hita na kwamba umeme na maji ya chumvi vinaua.

Baada ya siku chache mama alianza kukunja goti la kulia. Shangazi aliona, na nadhani hilo ndilo lililomchoma. Nilipotoka kwenda mjini, alimwaga chumvi yake hodhini, akamwingiza mama, na swichi ya ukutani akaiacha inawaka ili maji yasipoe.

Niliporudi, fyuzi ilikuwa imekatika na mlango wa chumba cha hodhi umefungwa kwa ndani. Maji yalikuwa yamepoa, magoti ya mama yamekaza, na shangazi peke yake hakuweza kumnyanyua.

"Shangazi, fungua."

"Uone nini?"

"Nimtoe mama yangu."

"Mama yako yu uchi."

"Mfunike kanga."

"Kanga ikilowa inafunika nini, msomi?"

"Umetia chumvi?"

"Nimetia dawa. Mtambo wako ndio uliokufa."

"Ungemuua."

"Ningemuua? Ni nani aliyetia umeme kwenye maji ya mtu, mimi au wewe?"

Nilipiga mlango kwa bega. Hapo mama akasema kutoka ndani, meno yakigongana: "Kaite wanawake wa jirani. Ugomvi mtaendelea nao nikishakauka."

Nikaenda kuwaita. Nilisimama uani kama mgeni wakati wanawake wawili wakimtoa, na mmoja wao akaniuliza kwa nini maji ya mgonjwa yalikuwa baridi.

Usiku huo mama aliamua bila kuniuliza. "Moto wako uweke nje. Chumvi yake ibaki ndani."

Kwa hiyo nilinunua hita nyingine, nikaifunga na swichi yake ndani ya pipa la chuma nje ya ukuta, juu ya matofali, na bomba likashusha maji hadi hodhini. Hakukuwa tena na waya ndani ya kile chumba. Shangazi alitia chumvi yake kila siku, polepole, mlango ukiwa wazi ili nione.

Goti la kushoto likafuata la kulia. Shangazi akatangaza mtaa mzima kwamba ni chumvi. Nilimwomba mama aache chumvi kwa wiki moja tu, ili tujue.

"Mjue nini?"

"Kilichokuponya."

"Goti ni langu," alisema. "Kafanyie mtihani la kwako."

Katika Ramadhani nilimwona akisujudu, paji la uso mkekani, akikawia kuinuka. Shangazi alikichukua kile kiti cha kuswalia, akakitoa uani, akaketi juu yake karibu na pipa langu, akanipa mgongo.