Bandari Niliyowapa Wajerumani

Nacheka mwenyewe nikiandika. Mimi, niliyeanza na teksi moja mbovu na leo ninazo saba, nilimchukua bibi wa Kijerumani uwanja wa ndege kumpeleka Woodbury, alikopanga kukaa. Niliitaka sana kazi ya kumwendesha wiki nzima. Akanionyesha picha ya mji wake mdogo: ukuta mkongwe wa mawe, lango, mnara.

“Naujua huo!” nikajitapa. Sisi wa Mombasa tukiona ukuta wa zamani, basi bahari iko nyuma yake. “Mama, ile bandari yenu! Wareno waliivamia, mkawatimua!”

Bibi akacheka hadi akavua miwani. “Bwana Salim, mji wetu uko mlimani, mbali kabisa na bahari. Historia yake nimeifundisha miaka thelathini. Haya, endelea: Wareno walizipandishaje meli huko juu?”