Mpagazi aliyemtangulia mkewe

Buti hana. Anavaa raba zilizoshonwa kwa uzi wa hema, na soksi pea mbili mvua ikinyesha. Koti la mvua hana; ana mfuko mkubwa wa plastiki uliotobolewa matundu matatu, moja la kichwa na mawili ya mikono. Glavu hana. Miwani ya jua hana. Picha yake akiwa kileleni, mahali alipofika mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, hana hata moja.

Ni saa kumi na mbili asubuhi kwenye geti la kuingilia mlimani. Mpagazi huyu, ambaye wenzake humwita Winchi kama ile mashine ya kuinulia vitu vizito, anachuchumaa, anakaza kamba, kisha anaupandisha kichwani mzigo wa kilo ishirini kwa pumzi moja. Wageni wenye mzigo wameshaondoka na kiongozi wao.

"Wao wanatangulia, mimi nawapita njiani," anasema. "Wakifika kambini wanakuta hema limesimama na maji yanachemka. Ukifika pamoja nao, umechelewa."

Ameifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Malipo yake yanatosha unga, mafuta na sabuni, na wageni wakiwa wengi yanabaki ya madaftari ya watoto wawili. Miguu yake haijui mwendo mwingine, na miguu hiyo ndiyo iliyomponza mwezi uliopita, siku aliyopanda mlima bila mgeni hata mmoja.

Siku hiyo alikuwa matembezini na mkewe.

Mke wa Winchi ni fundi cherehani. Anafanyia kazi chumbani mwao, chini ya dirisha, katikati ya marundo ya mahema ya watalii yanayosubiri kuzibwa. Wazo la safari lilikuwa lake.

"Miaka yote nashona mahema yanayorudi yamechanika," anasema, akikata uzi kwa meno. "Nikasema na mimi nikaone huko yanakochanikia."

Akashona shanta mbili za kubeba mgongoni kwa mabaki ya turubai. Watoto wakapelekwa kwa shangazi yao. Mpango ulikuwa siku nne: mbili za kufuata ufuo wa bahari, mbili za kupanda kutoka ufuoni hadi kwenye mgongo wa mlima.

Pwani mambo yalikwenda vizuri. Walitembea bega kwa bega juu ya mchanga mgumu, wakazunguka miamba maji yalipokupwa, wakala mayai ya kuchemsha wakitazama mawimbi. Mke alivua viatu akavitundika shingoni.

"Ndiyo mara ya kwanza namwona anasafiri bila kitu kichwani," anakumbuka. "Nikamwambia, kumbe una shingo wewe. Tena ndefu."

Siku ya tatu walianza kupanda. Njia ikawa nyembamba, ya mtu mmoja mmoja. Winchi alikuwa amechukua karibu kila kitu: hema, blanketi, chakula, maji, jiko. Mkewe alikuwa na nguo za kubadili na vifaa vyake vya kushonea.

"Sikukusudia, mzee wangu," Winchi ananiambia. "Mzigo ulinikaa vizuri, nikaongeza mwendo kama kawaida. Nikafika. Nikasimamisha hema. Nikawasha jiko, nikapanga vikombe viwili. Halafu nikakaa kungoja, kama ninavyongoja wageni."

Akangoja. Ukungu ukashuka, mvua nyembamba ikaanza. Hakuwa na wasiwasi wowote, kwa sababu wageni wakichelewa huwa wako na kiongozi.

Mpagazi mwingine aliyekuwa akiteremka akasimama kumsalimia. "Leo una wageni wangapi?"

"Mmoja tu. Mke wangu."

"Yuko na nani?"

Hapo ndipo kikombe kilipomponyoka.

Mkewe hakuwa na maji, hakuwa na blanketi, hakuwa na mtu anayeijua njia. Na chini ya kambi ile njia inagawanyika: upande mmoja unapanda kambini, mwingine unakwenda kuishia kwenye korongo. Winchi aliteremka mbio, akianguka na kuinuka, akiita. Aliita "mama watoto" akaona halitoshi. Akaita jina lake hasa, jina ambalo hakuwa amelitamka tangu mtoto wa kwanza azaliwe.

"Niliona nyayo kwenye matope, nikashindwa kujua zake ni zipi," anasema. "Miaka kumi na sita tuko pamoja, mzee, na nyayo zake sizijui."

Alimkuta pale njia inapogawanyika. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, amejifunika nguo zake zote, anashona mkanda wa shanta uliokatika. Hakuinua uso.

"Mhudumu," akasema, "chai yangu imefika wapi?"

Winchi alikaa chini kwenye matope. Alitaka kusema samahani, ikatoka sauti nyingine kabisa. Mkewe akakata uzi, akasogea, akamwachia nafasi juu ya jiwe.

"Nilikuwa nimeandaa maneno makali," anaeleza mke. "Lakini ungemwona! Goti linatoka damu. Mimi nilikuwa na baridi tu. Njia siijui, ila kukaa najua, ndiyo kazi yangu. Nikasema nitakaa hapa mpaka anikumbuke."

Walipanda tena, safari hii mke mbele, wakipumzika kila alipotaka. Kesho yake mbingu ilikuwa safi. Kutoka mlangoni mwa hema waliiona bahari yote, na ule ufuo walioutembea ukionekana kama uzi mweupe.

"Kumbe bahari inaonekana kutoka hapa," Winchi akasema.

"Ulidhani wageni wanalipia nini? Chai yako?"

Kwa miaka mingi mkuu wa viongozi wa mlimani alimsihi Winchi aingie darasa la uongozi. Alikataa kila mara, akisema viongozi wanatembea kama wanaosindikiza bibi harusi. Sasa anaitaka nafasi hiyo.

"Kiongozi hahesabu vikombe," anasema. "Anahesabu watu."

Maombi hupelekwa kwa barua. Siku chache baada ya asubuhi ile ya getini, Winchi amerudi kutoka mlimani mchana, ameoga, ameandika ukurasa mzima juu ya meza ya cherehani. Mkewe anausoma kwa sauti.

"'Naomba kwa heshima na taadhima.' Hii ni mara ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Watadhani unaposa. Futa mbili." Anaendelea kusoma, kisha anasimama. "Na hapa, 'nina uzoefu mkubwa wa kutembea na watu'?"

Winchi anachukua tena kalamu.

"Andika unajifunza," mkewe anasema.

Anafuta, anaandika. Mke anakunja karatasi, Winchi analamba bahasha na kuikandamiza kwa kiganja, wanabandika stempu. Posta bado haijafungwa. Wanatoka wote wawili, kwa mwendo wa mke, na kwenye sanduku la barua Winchi anaishikilia barua yake kidogo kabla ya kuiachia.