Mtani na Mizani

Katika mtaa wao pale mjini Koudougou hakuna aliyemshinda Lamoussa kwa mambo mawili: kupika pombe ya mtama, na kujua nani leo amekwenda kunywa kwa Edwige.

Kupika alikuwa amepika miaka thelathini na moja. Meko yake ilikuwa vyungu vinne vilivyokandikwa kwa udongo juu ya moto mmoja, na moshi ulitoka popote ulipoona upenyo. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima, hata wageni wakadhani anakunywa kuliko wateja wake. Masikini, pombe alikuwa anaionja tu na kutema. Muuguzi wa zahanati alishamwambia kwamba moshi ule ukiendelea, miaka si mingi atakuwa akishikwa mkono kupelekwa msalani.

Edwige alikaa ng'ambo ya barabara. Miaka sita nyuma alikuja mjane, mikono mitupu, akaomba kufundishwa kazi. Lamoussa alimfundisha kuotesha mtama, kuutafuna ajue kama kimea kimekomaa, kusikiliza chungu kinavyonguruma. Alimfundisha kila kitu, naye Edwige akawa na ubaya mmoja tu: alijifunza kila kitu. Angekuwa mwizi, ungemtukana ukalala. Lakini utamtukana vipi mtu anayekuamkia kila asubuhi kwa adabu, anakuita Mama, halafu Jumapili mabenchi yake yanajaa kwanza na wale waliokosa nafasi ndio wanaovuka kuja kwako? Lamoussa alijaa wivu. Alikuwa akifagia uwanja huku anahesabu baiskeli zilizoegeshwa ng'ambo.

Ndipo akaja Zerbo, mtafiti wa chuo, na mizani yake. Zerbo alikuwa Msamo, na Lamoussa ni Mmosi, na makabila hayo ni watani tangu enzi za mababu. Kila mmoja anamwita mwenzake mtumwa, na Mmosi hawezi kumwona Msamo asimuulize habari za vichwa vya mbwa, kwamba ndiyo kitoweo chao.

Wapika pombe kumi na wawili walikusanyika kilabuni kwa Lamoussa.

"Tuna swali moja," Zerbo alisema. "Chungu cha pombe kinakula kuni kilo ngapi, na kinarusha hewa ukaa kiasi gani? Kila mtu anasema miti inaisha kwa ajili yenu, akina mama, lakini hakuna aliyepima."

"Kapime kwanza vichwa vya mbwa mnavyomaliza huko kwenu!" Lamoussa alidakia.

"Nyamaza, mtumwa, bwana wako anaongea."

Wanawake wakacheka mpaka wakamwaga vibuyu. Zerbo akaendelea. Atapima kuni kwa majuma matatu. Mwisho wake litajengwa jiko la matofali lenye bomba la kutolea moshi, moja tu, la majaribio.

"Tutalijenga kwa yule anayechoma kuni nyingi kuliko wote. Hapo ndipo tutaona linapunguza nini."

"Mmemsikia?" Lamoussa alipiga makofi. "Msamo anamtuza mharibifu! Anataka tuteketeze kuni kama wehu, akatucheke kwao!"

Zerbo naye alikuwa anacheka. Akainua mikono juu. "Haya, mimi nimesema. Msamo hajawahi kumdanganya mtumwa wake."

Basi hapo akaharibu kabisa. Mmosi gani angeamini neno baada ya hilo? Edwige peke yake hakucheka. Yeye ni Mgurunsi, watani wake ni watu wengine. Kwake Zerbo alikuwa mwalimu wa chuo aliyesema jambo, naye akalisikia lilivyosemwa.

Lamoussa alikwisha kata shauri. Bila shaka jiko litakwenda kwa anayetumia kuni kidogo, nani asiyejua? Na alilitaka kwa ajili ya macho yake, ndiyo. Lakini tuseme kweli: zaidi ya kulipata, alitaka Edwige alikose. Kila alipofikiria bomba lile limesimama ng'ambo ya barabara, roho ilimuuma.

Siku za kupika, Zerbo alipima lundo la kuni alfajiri, akatundika ukutani kidude cha kupimia moshi, kisha akavuka na mizani kwenda kwa Edwige. Akishavuka tu, Lamoussa alikuwa anatoa mabua ya mtama na maganda ya karanga nyuma ya banda la kuku na kuyasukuma motoni kwa mguu. Mabua yanawaka upesi na moshi wake unakaba roho. Alikohoa, alilia, alichoma. Jioni lundo la kuni lilikuwa limepungua kidogo tu.

Zerbo alikuna kichwa. Alibadilisha kile kidude mara mbili, akidhani kimeharibika.

"Mama, kuni zako kidogo, moshi kama nyumba inaungua. Unachoma nini humu?"

"Vichwa vya mbwa."

Mtafiti akacheka, swali likaisha.

Majuma matatu yakapita. Wakakusanyika tena palepale, Zerbo akafungua daftari.

"Wa juu kabisa ni Edwige, kwa kila mpiko, kilo mia mbili na kumi. Wa chini kabisa Lamoussa, themanini na nane." Akamgeukia Lamoussa, uso umemng'aa. "Mtani, umeniaibisha. Sijaona meko ya udongo kama hii. Kesho wapika pombe wa mitaa mingine watakuja kuona unavyofanya. Na mafundi wanaanza leo kujenga kwa Edwige."

"Kujenga kwa nani?"

"Kwa Edwige. Si nilisema? Anayechoma nyingi."

Lamoussa aligeukia barabara. Alitazama ng'ambo, pale bomba litakaposimama, akatazama meko yake inayofuka. Hata aibu hakuikumbuka. Alisimama mbele ya wote.

"Zerbo, sikiliza. Nilidanganya. Nimechoma mabua nyuma ya mgongo wako majuma matatu. Maganda ya karanga magunia kumi. Ninachoma kuliko huyu, kuliko wote hapa. Jiko ni langu."

Kisha Zerbo akaanza kutikisika mabega. Akacheka mpaka akashika meza, na wanawake wakamfuata, mmoja baada ya mwingine.

"Magunia kumi!" alisema akijifuta uso. "Ooh, mtumwa huyu atakuja kuniua!"

"Sifanyi utani!" Machozi yakaanza kumtoka Lamoussa. "Haki ya Mungu, naapa kwa kaburi la mama yangu, macho yangu yanakufa!"

"Na machozi pia! Mwoneni! Akina mama, mnamwona?" Zerbo alishika mbavu. Alichukua kalamu na, bado anacheka, akapiga mstari chini ya themanini na nane.

Wakamshangilia. Mmoja akamletea kibuyu, mwingine akampigia vigelegele. Lamoussa alizunguka na macho yake mekundu akitafuta uso mmoja tu usiocheka, na akauona. Edwige alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho, kibuyu mkononi, anamtazama. Alitazama banda la kuku, akatazama meko, akamrudia Lamoussa. Edwige peke yake alikuwa ameamini kila neno.

"Pole, Mama," Edwige alisema taratibu. Kisha akainuka, akaaga kwa adabu kama kawaida yake, akavuka barabara kwenda kuwaonyesha mafundi mahali pa kujenga.