Godoro la Atakayeshindwa

Nikifungua pakiti mpya ya unga wa mahindi, ile harufu kavu inayopanda kabla hujamimina, mimi sikumbuki ugali. Nakumbuka uchaguzi wa Marekani. Najua hilo haliingii akilini, basi nivumilieni niwaeleze, maana nadhani niko peke yangu duniani ambaye kwangu demokrasia ya Wamarekani inanukia unga.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Discovery Gardens, Dubai, chumba kimoja katika fleti tuliyogawana na Bi Rukia, mama wa Mombasa aliyeuza manukato dukani. Baba alikuwa dereva katika kampuni ya Mmarekani mmoja, na Mama alikuwa mpishi nyumbani kwa Mmarekani huyo huyo. Yeye tulimwita Sir, mkewe tulimwita Madam, na sikuwahi kusikia mtu wa kwetu akiwaita vingine. Sir ndiye aliyekuwa kafeel wetu. Kwa nyinyi ambao hamjaishi Ghuba, maana yake ni kwamba vibali vyetu vya kuishi vilikuwa mikononi mwake. Akiamka vibaya siku moja akasema khalas, basi imekwisha, sote watatu tunarudi Kenya na masanduku yetu. Baba alilitamka neno kafeel kwa sauti ya chini hata tukiwa peke yetu chumbani.

Basi la shule liliniteremsha karibu na nyumba yao, nikafanya kazi zangu kwenye meza ya jikoni Mama akipika. Nyumba ile ilikuwa na raha zake. Madam alikuwa mcheshi, na Sir alipenda kuimba akinyoa ndevu, sauti mbovu kabisa ambayo haikumtia aibu hata kidogo. Halafu mwaka ule uchaguzi ukaingia ndani. Madam alimtaka mgombea huyu, Sir akamtaka yule. Mwanzoni walitaniana, kisha wakabishana, kisha wakaacha kusemezana, na hapo ndipo kelele zilipozidi, kwa sababu sasa zilikuwako televisheni mbili, moja juu na moja chini, kila moja ikimchambua mgombea wa mwenzake. Mama akawa anapika mara mbili. Madam alikula kwanza, Sir akala baadaye, na mboga ya mmoja haikuguswa na mwingine, utadhani karoti nazo zimejiunga na chama.

Baba hakushangaa hata kidogo. Yeye wanasiasa alishawafuta moyoni zamani. Alisema ni wale wale, wanabadilisha suti tu, na kwamba hao wawili wa kwenye televisheni wakikutana faraghani wanakunywa chai pamoja huku Sir na Madam wakinuniana kwa niaba yao. Kwa Mama alikuwa na agizo moja: apike, aoshe vyombo, afunge mdomo. Ya Wamarekani awaachie Wamarekani.

Mama angetii, nafikiri, kama Sir asingetamka maneno fulani. Siku hiyo alikuwa akizungumza kwenye simu, akizungukazunguka jikoni, akasema upande wake ukishindwa basi kura zitakuwa zimeibwa. Mama alikuwa akikata vitunguu. Kisu kikasimama. Aliniuliza kwa Kiswahili kama amesikia vizuri, maana Kiingereza changu cha shule kilikuwa kimeshaupita wake wa kazini. Nikamwambia ndiyo, amesema kura zitaibwa. Mama akanawa mikono, akavuta kiti, akakaa. Sikuwa nimewahi kumwona akikaa jikoni mle.

Kuanzia hapo akafanya kile ambacho Mkenya wa bara hufanya uchaguzi ukikaribia. Akajaza stoo. Unga, maharagwe, chumvi, mishumaa, viberiti, maji ya chupa. Vingine vilikaa chini ya vitanda vyetu, vingine alivipanga ndani kabisa ya kabati la Madam, nyuma ya maboksi yao ya nafaka za asubuhi. Bi Rukia alimcheka mpaka akafuta machozi.

"Mama Neema, nyinyi watu wa bara mna mambo," akasema. "Wamarekani wapigane Dubai?"

Mama akamjibu kwamba hata kwao watu walicheka hivyo hivyo.

Lililonishangaza mimi ni godoro. Aliliazima kwa Bi Rukia, akalitandaza kando ya kitanda changu, akalivisha shuka safi yenye harufu ya jua. Nikamuuliza mgeni ni nani. Akasema bado hajajua. Ni yeyote kati yao atakayeshindwa. Baba aliposikia alijishika kichwa. Akisema amfiche Madam, amemkosea kafeel. Akisema amfiche Sir, amemlaza kafeel sakafuni. Akamwomba Mama, kwa upole ambao ulinitisha kuliko hasira, asitufukuzishe. Godoro likabaki palepale. Mimi nikaanza kuwaaga marafiki zangu shuleni kimoyomoyo, nisije nikakosa nafasi.

Kwa saa za Dubai, matokeo yao hutoka asubuhi. Mama hakunipeleka shule. Siku ya matokeo, alisema, mtoto hukaa karibu na mama yake. Tulipofika tuliwakuta Sir na Madam sebule moja, jambo ambalo lilishakuwa geni, kila mmoja kwenye ncha yake ya kochi. Kabla ya adhuhuri ikajulikana kwamba mgombea wa Sir ameshinda. Sir alisimama akainua mikono juu, kisha akamwona mkewe, akaishusha. Madam alikuwa analia bila sauti.

Mama alitoka jikoni ameshavua aproni. Akavua mtandio wake, akamfunika Madam mabegani, akamshika mkono.

"Madam, yalla, twende kwangu," akasema. "Nimekutandikia."

Madam hakuelewa. Sir akauliza anampeleka wapi. Mama angeweza kusema anamtoa nje apunge upepo, na mimi nilimwomba Mungu aseme hivyo. Badala yake alisema ukweli, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza: kwamba kwao, mtu aliyezungukwa na watu wa upande mwingine halali nyumbani siku ya matokeo, mpaka hasira zipoe.

Sir alimtazama Mama, akamtazama mkewe, akanitazama mimi niliyesimama mlangoni na begi la shule.

"Anadhani nitakudhuru," akamwambia Madam, polepole. Kisha akamgeukia Mama. "Siku zote hizi umekuwa ukiniogopa?"

"Sikuogopi wewe, Sir," Mama akasema. "Naogopa uchaguzi."

Televisheni iliendelea kuropoka peke yake hadi Sir alipoizima. Akaketi sakafuni, mtu mzima vile, karibu na miguu ya mkewe, akamuuliza kama na yeye alikuwa amefika mahali pa kumwogopa. Madam alikawia kujibu. Kule kukawia ndiko kulikomliza Sir. Mwishowe Madam akasema hapana, ila amechoka kula peke yake.

Akainuka kwenda kutafuta majani ya chai, akafungua kabati, na pakiti za unga zikamporomokea miguuni. Mama akalazimika kueleza tena. Madam alianza kucheka na machozi hayajamkauka, Sir akafuata, na mimi ndiyo kwanza nikaangua kilio, kwa sababu nilikuwa nimejizuia tangu asubuhi. Mchana ule Mama alipika sufuria moja.

Baba hakuamini kwamba yamekwisha. Kesho yake alipoitwa ofisini kwa Sir alivaa shati la kanisani, kama mtu anayekwenda kuagwa. Aliporudi alikuwa akicheka mpaka akashindwa kufungua viatu. Sir alikuwa amemwita amwambie kwamba Mama apumzike siku mbili, na kumuuliza unga ule unapikwaje, maana ameukaanga kama mkate wa mayai na umemshinda. Jamani, hakuna usingizi nilioufaidi utotoni kama wa siku ile. Sir na Madam hawakukubaliana kamwe. Waliendelea kubishana miaka yote tuliyokaa nao, lakini walibishana mezani, wakipitishiana chumvi.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza Mama kama kweli aliamini Sir angemgusa Madam. Akasema hapana, hata siku moja. Nikamuuliza basi kwa nini alituweka sote rehani. Ndipo aliponisimulia habari za Nakuru, mwaka ule ambao kwetu nako watu walisema kura zimeibwa. Baba alikuwa safarini, na mimi nilikuwa na miezi michache tu. Jirani wa ukuta mmoja, mwanamke wa upande mwingine ambaye kampeni zilikuwa zimemfanya asisalimiane na Mama, aliingia bila kubisha hodi, akatuchukua, akatuficha chumbani kwake. Miaka yote nilidhani Mama alijaza stoo na kutandika kwa sababu ya woga. Kumbe aliona tu zamu yake imefika.

Vijana waliokuwa wakiwasaka watu wa upande wetu walipofika mlangoni kwa jirani yule, mimi nilikuwa nalia kwa nguvu zangu zote. Wakamuuliza huyo mtoto ni wa nani.

"Ni wangu," akawaambia.