Kidole Gumba cha Susu Mkubwa

Sanduku la bati la Susu, nyanya yangu mzaa mama, lilikaa chini ya kitanda chake siku zote nilizomjua, na siku zote hizo nilikatazwa kuligusa. Sasa Susu amefariki, sanduku liko juu ya meza yangu ya kulia hapa Komarock, Nairobi, na mama amesimama nyuma yangu akiniuliza nangoja nini. Nikalifungua. Likatoa harufu ya naftalini na ya moshi wa makaa, ile ile ya chumba chetu cha Kariobangi, na nikasahau kwa muda kwamba mimi ni mtu mzima mwenye kazi ya kufanya.

Wewe unayajua mambo ya mazishi yetu. Mtu akifa, kamati inakaa, kila mmoja anapewa jukumu lake. Mwenye gari atashughulikia usafiri, mwenye sauti ataongoza nyimbo, na mimi, kwa kuwa niliwahi kuwa karani, nikapewa wasifu wa marehemu. Wasifu wetu una njia yake na hauachi njia hiyo: alizaliwa wapi, binti wa nani, akaolewa na nani, akajaliwa watoto gani, akaugua nini. Mpiga chapa alikuwa anausubiri. Yote niliyaweza isipokuwa pale pa kuolewa. Hapo mama alikuwa na ombi. Alitaka jina la baba yake liandikwe na lisomwe mbele ya watu, angalau mara moja, kabla na yeye hajaenda.

Maana mama hakumjua baba yake. Aliambiwa kwamba baba huyo alikuwa mtoto wa pekee wa Susu Mkubwa, mzee tuliyeishi naye, akafa kwenye machimbo ya mawe mama angali tumboni. Jina lake halikutajwa nyumbani. Ukiuliza, unaambiwa wafu hawaitwi ovyo. Mama alikua hivyo, akaolewa hivyo, akazeeka hivyo, na ungemtazama usingedhani kuna kitu kinachomsumbua. Lakini asubuhi ile aliniomba mara tatu, na mama yangu si wa kuomba. Alifanya kazi katika kiwanda kimoja mtaa wa Baba Dogo miaka mingi, mahali ambapo msimamizi mwenyewe alikuwa akimwogopa.

Kwa Kikamba, susu ni nyanya. Sisi tulikuwa nao wawili chini ya paa moja. Susu ndiye aliyemzaa mama. Susu Mkubwa alikuwa mzee zaidi, mrefu, mkavu, mwenye ugoro kwenye kikopo na fimbo asiyoihitaji kutembelea. Sisi tulijua kwamba ni mama mkwe wa Susu, na hayo yalitutosha. Baba yetu alikuwa dereva wa malori ya mbali, tukimwona tunamwona, na mama alitoka kwenda kiwandani kabla ya jua. Kwa hiyo waliotulea ni hao wawili, katika chumba kimoja cha Kariobangi kilichogawanywa kwa pazia la maua.

Nikikumbuka chumba kile, kwanza nasikia kinu. Susu alikuwa akitwanga muthokoi, mahindi yanayolowanishwa kidogo na kutwangwa mpaka maganda yatoke, kisha yachemshwe na maharagwe hadi yawe laini. Majirani walinung'unika kwamba mchi wake unawaamsha, na majirani hao hao ndio waliokuja na sahani adhuhuri. Nyuma ya kinu zikaja nyundo za mafundi wa jua kali waliokuwa wakifua masufuria na karai upande wa pili wa barabara. Hao ndio waliokuwa wateja wetu. Tulibeba sahani, tukakusanya sahani, tukaziosha kwa maji ya bomba tuliyoyapigia foleni tangu alfajiri, na mdogo wangu aliyelala akiosha alichapwa kwa upande laini wa mwiko.

Susu Mkubwa hakupika. Wala hakuosha chombo. Chumba kilikuwa na kiti kimoja chenye mgongo, nacho kilikuwa chake. Chakula kikiwa tayari, Susu alimletea maji ya kunawa, akapiga goti na kumimina taratibu, na hakuna aliyemega ugali kabla yake. Siku ya nyama, kisu kilishikwa na Susu Mkubwa, naye ndiye aliyegawa, kila mtu na fungu lake. Mgeni akija na neno zito alizungumza naye, huku Susu akiongeza chumvi kwenye sufuria kana kwamba hasikii. Sisi tuliona ni heshima ya mama mkwe. Mtoto haulizi kwa nini maji yanateremka.

Waligombana, usidhani hawakugombana. Susu alikuwa na ulimi mwepesi. Wakikosana, alijitupia leso begani na kwenda kwa jirani yetu, mama mmoja Mwislamu aliyeuza vitambaa sokoni, akakaa huko akinywa chai yenye iliki na kula mahamri mpaka jioni. Jua likianza kupoa, Susu Mkubwa aliishika fimbo yake, akaenda akakaa kwenye kizingiti cha jirani na kuanza kukohoa. Hakuita wala hakuomba. Alikohoa tu mpaka Susu akatoka, wakarudi mmoja mbele na mmoja nyuma bila kusemezana. Kesho yake asubuhi, chai ya Susu Mkubwa ilikuwa na sukari zaidi.

Mimi nilipendwa kuliko wenzangu, na nasema hivyo bila aibu. Nina jina la Susu Mkubwa. Kwetu majina hayaokotwi. Watoto wa kwanza hupewa majina ya wazazi wa baba, kisha ndipo upande wa mama upate zamu yake. Zamu hiyo ilikuwa yangu, na kila mtu alijua kwamba nitapewa jina la Susu. Mama alinisimulia kwamba Susu alikataa. Alisema jina lake lingoje, kwanza la mwenye nyumba, ndipo lake akampa mdogo wangu. Kwa hiyo kila asubuhi Susu Mkubwa aliniita kwa jina letu, akanishika kidevu na kunipaka mafuta usoni kwa kidole gumba. Kidole hicho kilikuwa na kovu lililokipasua katikati, la panga alilojikata nalo ujanani. Lilikwaruza shavu langu. Hata leo nikijipaka mafuta nalingoja.

Basi humo sandukuni nilikutana nalo tena. Vilikuwamo vyeti vya kliniki, stakabadhi za shule ya mama, kadi ya ubatizo, karatasi za chumba zilizofifia hadi kuwa rangi ya chai. Nilivipanga mezani nikitafuta mwanamume. Kwenye kadi ya ubatizo, mahali pa baba pana kistari. Kwenye karatasi za shule, mahali pa sahihi ya baba au mlezi pana alama ya zambarau ya kidole gumba, na katikati ya alama mna mstari mweupe ambao wino haukushika. Kila darasa, kidole kile kile. Hata kwenye karatasi ya chumba, kovu lile lile. Kitambulisho cha Susu kilikuwa na jina lake na, mwishoni, jina langu mimi. Sikushangaa. Nilijua ni jina la mkwewe, na labda karani alikosea mpangilio, makarani hukosea.

Kisha picha ya harusi ya mama, iliyopigwa studio. Mama na baba wamekaa wamekakamaa. Nyuma yao, upande wa bibi harusi, pale anaposimama baba mzazi, amesimama Susu Mkubwa na fimbo yake, kifua mbele, hacheki. Susu yuko pembeni, uso ameuinamisha. Mama aliitazama picha ile kwa muda, akasema kwamba hata mbuzi wa mahari yake walipokelewa na Susu Mkubwa, kwa sababu hakukuwa na mwanamume wa kuwapokea. Alisema kwa uchungu. Akaniambia niendelee kutafuta.

Niliendelea mpaka sanduku likabaki na vumbi. Hapakuwa na jina la mwanamume yeyote. Mpiga chapa akapiga simu, nikamdanganya kwamba stima imepotea.

Siku iliyofuata akafika mdogo wake Susu kutoka nyumbani Ukambani, mzee mwenye kofia ya sufu na magoti mabovu. Tulimwandalia chai. Mama hakungoja amalize hata kikombe cha kwanza. Alimwekea kalamu yangu mbele, kana kwamba mzee ndiye karani.

"Mjomba, wewe peke yako umebaki. Baba yangu aliitwa nani?"

Mzee alimtazama, akanitazama mimi, akavua kofia na kuiweka gotini.

"Dada yangu hakukuambia?"

"Aliniambia alikufa kwenye mawe."

"Hakuna aliyekufa kwenye mawe," alisema. "Mbuzi wa mahari ya mama yako niliwachunga mimi. Waliletwa na mwanamke."

Akatueleza, bila haraka, akishusha chai katikati ya maneno. Susu Mkubwa alikuwa mjane asiye na mtoto, si wa kiume wala wa kike. Ndugu wa marehemu mumewe walikuwa wameanza kupima shamba lake kwa macho, wakisema nyumba ile imefungwa, haina mrithi. Ng'ombe walikufa kwa ukame, akabaki na mbuzi. Akawachukua mbuzi hao, akaenda kwa baba yake Susu, akamposa binti kama mwanamume anavyoposa, kwa pombe ya asali na wazee wawili. Kwa Kikamba mke wa namna hiyo anaitwa iweto, na si jambo la kuficha, ni desturi. Watoto ni wa nyumba iliyotoa mbuzi. Mwanamume aliyeletwa kuzaa naye hana dai wala jina. Mama akauliza huyo alikuwa nani, na mzee akajibu kwamba hilo halikuulizwa wakati ule na yeye hatalijibu leo.

Ndugu wa mume hawakukubali hata hivyo. Walichoma ghala. Ndipo wawili hao wakaja Nairobi, mama akiwa mchanga, wakapanga Kariobangi. Hapa mjini walitaka mtoto abatizwe ili aende shule ya kanisa, na mtu wa kanisa akauliza baba yuko wapi. Bwana yule hakumwelewa mume mwanamke, lakini mume aliyekufa machimboni alimwelewa mara moja. Wakampa huyo. Wakapatana kwamba mmoja atakuwa mama mkwe na mwingine mkaza mwana, na kwa kuwa yule maiti hakuwahi kuwa na jina, ikabidi wafu wasiitwe ovyo.

Sikujua nimtazame nani. Mimi niliyepanga karatasi zote hizo mezani, karani mzima, nilikuwa nimetafuta suruali. Kila mahali palipotakiwa baba, baba alikuwa amebonyeza kidole, nami nikapapita nikimtafuta.

Mama aliivuta karatasi moja ya shule, akaitazama alama ile ya zambarau, akaweka kidole gumba chake juu yake. Nilidhani atalia, au atakasirika kwa kudanganywa maisha mazima. Akaufuata mstari ule mweupe kwa ukucha.

"Kumbe baba yangu alinibeba mgongoni," alisema.

Hapo nikalia mimi. Mama aliniambia niache, wino utachanganyika na machozi, niandike.

Mwanangu, kijana wa siku hizi aliyekuwa amesimama mlangoni na simu yake, alijaribu kutuokoa. "Mathe, ukiandika hiyo, watu watabonga."

"Wabonge," akajibu nyanya yake.

Nikaandika. Aliolewa na fulani, mwanamke, mwenye nyumba, aliyemlipia mahari ya mbuzi na kulea naye binti mmoja mjini Nairobi. Mpiga chapa alipiga simu kuuliza kama hapo pana kosa. Nikamwambia hapana. Siku ya mazishi, huko Ukambani, mchungaji alipofika kwenye mstari huo alikohoa, akaurudia kimoyomoyo, kisha akausoma wote kwa sauti. Vijana waliotoka nasi Nairobi waligeuka kunitazama, kwa sababu jina lililosomwa ni langu. Wazee wa kijiji hawakugeuka. Mama mmoja mzee alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kula njugu zake. Tulimlaza Susu kando ya Susu Mkubwa, aliyetangulia kuzikwa hapo zamani, mkono wake wa kushoto, alipotaka.

Nilipita Kariobangi wiki iliyopita. Chumba chetu hakipo, kuna ghorofa lenye vigae na duka la simu chini. Mama wa vitambaa alikwisha kuhama, kizingiti chake kimekuwa ngazi. Nyundo bado zinalia, lakini kinu sikukisikia, na muthokoi siku hizi inauzwa kwenye mfuko ikiwa tayari imekobolewa, huna haja ya kumwamsha mtu. Nilinunua mfuko mmoja. Nilipika, ikaiva, ikalika. Sina la kuisema vibaya.

Karatasi nimezirudisha sandukuni, isipokuwa moja ya shule ambayo mama aliiomba, akaitilia fremu na kuitundika sebuleni kwake, pale ambapo wengine hutundika picha za baba zao. Wageni huuliza ni doa gani lile, naye huwajibu. Mimi hunipigia simu kila asubuhi kujua kama nimeamka. Hutaja jina langu kwanza, kama ilivyo desturi yake tangu zamani, ila siku hizi akishalitaja hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Nami simharakishi.