Mkia wa Jina

Paa! Ule mlango. Mpaka leo nikimkumbuka dada yangu wa miaka ile, mlango unatangulia, sauti yake inafuata. Ulikuwa mlango wa jiko la hosteli yao huko Uingereza, mzito, unaojifunga wenyewe, eti kwa ajili ya kuzuia moto. Kila aliyeingia kuchemsha maji aliuachia nyuma yake. Mimi niko Bwera, kwetu Uganda, mpakani na Kongo, nimekaa kwenye ngazi ya duka la vitenge nilikokuwa nauza, simu imepata moto sikioni. Yeye ananiongelesha Kiswahili chetu cha mpakani kwa raha zake, mara paa! Sauti inakuwa nyembamba. Anamwambia mtu nisiyemwona "hai", anacheka kidogo kicheko cha Kizungu, halafu kimya. Paa! Mtu ametoka. Dada yangu anarudi.

"Nani huyo, yaya?"

"Muchina. Chumba chake na changu vinatazamana tangu mwezi wa tisa."

"Anaitwa nani?"

"Sijui. Na yeye hajui langu."

Kwetu yaya ni dada mkubwa. Nasikia Wakenya wanamwita hivyo msichana wa kulea watoto wa watu, lakini na sisi hatukukosea, maana mama alipofariki nikiwa mdogo ni yeye aliyenilea. Alikuwa na kichwa cha shule. Mimi nilikuwa na kichwa cha ndoto. Niliishia sekondari mwaka wa pili, na sikulia sana, kwa sababu niliona mmoja wetu akifika, wote tumefika. Alipopata ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza, nilitangaza soko zima. Wabadilisha fedha wa pale mpakani wakaanza kuniita Londoni. "Londoni, pauni leo tunauza bei gani?" Nilikuwa nawajibu.

Niliota kwamba theluji inaanguka kama unga wa posho pale kwenye mashine ya kusaga. Niliota tunakaa wawili dirishani tunakunywa chai. Yeye alinipa habari nyingine. Kwenye friji kila mtu ana rafu yake, na maziwa yameandikwa jina. Unaweza kumaliza Jumamosi na Jumapili bila kufungua mdomo. Siku moja kijana aliteleza mbele yake kwenye barafu, yeye akasema pole, kama mtu yeyote wa kwetu angesema, na kijana akamwangalia, akamjibu kwamba si kosa lake. Darasani walikuwa na kadi ya kugusisha kwenye mashine ukutani, ili ofisi ijue mgeni hajatoroka. Usipogusa, wanakuandikia.

"Huku hawakuiti," aliniambia. "Wanakuandikia."

Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Baba alikuwa dereva wa lori, alibeba chumvi na saruji kutoka upande wa Kasese mpaka mpakani. Mwaka ule, mvua za mwezi wa tatu zilipokuwa zinaanza, alishuka kwenye lori lake, mguu wa kulia ukakataa. Kiharusi. Tulimlaza hospitali, halafu daktari akatuambia kwa upole tumrudishe nyumbani, akae karibu na watu wake. Tulielewa. Maneno yalikuwa yamempotea kabisa, akabaki na mkono wa kushoto na macho.

Hapa lazima nieleze jinsi sisi Wakonzo tunavyoitwa. Mtoto hapewi jina la baba. Anapewa jina la zamu yake: wa kwanza wa kike ana lake, wa pili ana lake, wavulana nao vivyo hivyo, na ukisikia jina la mtu unajua alifuata nani tumboni. Sisi Waislamu tunaongeza jina la dini, basi. Kwa hiyo baba, yaya na mimi tuliishi nyumba moja bila hata herufi ya kushirikiana. Baba alipopoteza maneno hakutafuta njia nyingine ya kutuita. Aliinua vidole viwili, nikaja. Aliinua kimoja akautazama mlango, na hapo nilikuwa sina la kufanya.

Kimoja kilikuwa kinainuka mara nyingi.

Nilimwambia yaya. Akasema anaenda kuomba ruhusa ya kuja. Akitoka masomoni bila ruhusa wangeripoti, viza ingekufa, na ufadhili nao. Jioni akapiga.

"Wanataka uthibitisho kwamba ni baba yangu."

"Kwani wanadhani ni baba ya nani?"

"Wameangalia jina langu na lake. Wanasema hayafanani."

Basi nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji pamoja na baba mdogo. Mwenyekiti alikuwa mwanajeshi mstaafu, mtaa mzima ulimwita Afande, na ukiingia kwake hujui kama umekuja kusaidiwa au kukamatwa.

"Wewe! Simama hapo. Sema shida."

Nikasema. Baba mdogo, ambaye miaka mingi alifanya biashara Kongo mpaka ulimi wake ukabaki huko, akanikatiza.

"Afande, mimi najua bale batu. Muzungu jina yake iko na mukia. Baba mukia ule, mutoto mukia ule, bibi mukia ule ule. Ya kwetu haina mukia. Sasa tumupatie mutoto mukia, mambo iishe."

Afande alicheka mpaka akakohoa. "Mukia! Kweli. Tumuvalishe mukia."

Akaandika barua nzuri, yenye muhuri mwekundu, kwamba yaya ni binti halali wa fulani, na jina la yaya akalifunga jina la baba kwa nyuma. Sote watatu tulifurahi. Mimi nililisoma kwa sauti. Lilisikika kama jina la mtu anayesoma habari redioni. Walitaka jina la baba, sisi tukawapa kwa moyo mmoja, kama mgeni anayeomba maji ukamletea na ndizi. Nikaipeleka duka la kompyuta, wakaipiga picha, ikaenda.

Siku iliyofuata simu ikalia nikiwa namlisha baba uji.

"Mmeniandika nani?"

"Wewe. Na jina la baba, kama walivyotaka."

"Wametafuta mtu huyo kwenye kompyuta yao. Hayupo. Wanasema barua ni ya mwanafunzi mwingine, labda wa chuo kingine."

"Si ni wewe, yaya?"

"Pasipoti yangu haina jina hilo! Wewe unadhani hapa ni kwa Afande?" Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Nimemweleza yule mama wa ofisi. Nimemwambia kwetu jina ni namba, mimi wa kwanza, mdogo wangu wa pili, baba ni wa tano kwa mama yake. Akasema jamani, inapendeza sana. Akaandika kwenye daftari lake inapendeza. Halafu akaniambia nimletee barua nyingine."

"Si uje tu?"

"Nikija hivi sirudi tena. Baba akipata nafuu akinikuta nimekaa hapo kitandani kwake bila masomo, atanitazamaje?"

Baba alikuwa ananitazama mimi wakati huo, uji ukimtiririka kidevuni. Ameinua kidole kimoja.

Afande hakuwepo. Alikuwa amepanda Mahango kwenye harusi ya jamaa yake, na huko mlimani simu inashika ikitaka. Nilichukua boda tukapanda kwa matope, mara nyingine nikishuka kuisukuma pamoja na dereva. Nilimkuta Afande amevaa koti, amekaa viti vya mbele. Alinisikiliza bila kucheka safari hii.

"Muhuri iko wapi, afande?"

"Muhuri? Muhuri ni bunduki. Askari anaenda harusi na bunduki? Imelala nyumbani."

Alishuka asubuhi yake akiwa bado na koti lile lile, akaandika upya. Barua hii ya pili aliijaza ukurasa mzima, akieleza zamu za kuzaliwa kana kwamba anafundisha makuruta, na majina yote akayaacha bila mkia. Ilikuwa Ijumaa. Duka la kompyuta lilikuwa limefungwa kwa ajili ya swala, nikangoja kwenye baraza lao, wakafungua, ikaenda. Yaya akaniandikia kwamba ameiona na ameipeleka, lakini yule mama ameshaondoka kwa wikendi. Jumatatu atajibiwa. Nilimwambia baba: Jumatatu. Nilimwambia karibu na sikio, polepole. Alifumba macho, na nilichagua kuamini kwamba amekubali.

Jumapili alfajiri alikata roho. Hakuhangaika. Nilikuwa nimemshika ule mkono uliokuwa bado wake.

Majirani Wakristo waliokuja mapema waliuliza, hamungojei mkubwa wake? Kwao mtu angelala hata siku tatu akingoja watoto wa mbali. Baba mdogo akawajibu kwamba maiti ya Mwislamu haingojei ndege, akasema vizuri, kwa heshima, halafu akageuka akajifuta na kofia yake. Nilimpigia yaya. Iliita. Nikapiga tena. Jumapili alikuwa anasafisha vyumba vya hoteli, na simu zao wanazifungia kwenye kabati mpaka watoke. Nilikuwa nalijua hilo na bado nikawa napiga, maji ya kumwoshea yakichemka nyuma ya nyumba, nikapiga mpaka baba mdogo akaniambia kwa sauti ndogo, "Acha, mama. Acha kwanza."

Wanaume walimbeba baada ya adhuhuri. Sisi wanawake tulibaki.

Yaya alipiga wakati wanarudi, udongo bado uko kwenye miguu yao.

"Nimeona umenipigia sana. Ameamka? Niwekee simu sikioni kwake, nimwambie mwenyewe kwamba kesho napata ruhusa."

Nikamtazama baba mdogo, simu ikiwa bado sikioni. Mimi, niliyekuwa na maneno kwa kila mtu pale mpakani.

"Wewe. Wa pili. Niwekee kwake."

Baba mdogo akanyoosha mkono akaichukua simu. "Mama," alimwambia, "tulisha mupumzisha baba yako." Akasimama hapo muda mrefu, simu sikioni, anatikisa tu kichwa, kana kwamba yaya anamwona.

Jumatatu jibu likaja. Ruhusa amepewa. Yaya alinisomea, akanitafsiria polepole: barua imekubaliwa, uhusiano umethibitika, wanamtakia baba yake apone haraka.

"Uhusiano umethibitika," akarudia.

"Basi uje."

"Nije nimwangalie nani?"

"Mimi nipo."

"Najua upo." Nikasikia kijiko kinagonga bakuli. Alisema yule Muchina amempikia uji wa mchele, hakusema neno, ameuweka mbele yake akakaa. "Mitihani inaanza karibuni. Baba angetaka nimalize. Si angetaka?"

Nikasema angetaka. Ni kweli pia. Sauti yangu niliifanya nyepesi, nikamwambia ale uji usipoe, nikamwambia Afande amekuja msibani na lile koti la harusi. Akacheka kidogo. Tukaagana.

Ijumaa ile, baada ya kutuma barua, nilikuwa nimeenda kwa jirani yetu muuza matunda kuazima godoro. Letu lilikuwa la nyasi, na mtu aliyezoea vitanda vya Ulaya nisingeweza kumlaza juu ya nyasi. Jirani alinipa jipya, bado lina nailoni yake. Nilikuwa nimelitandika upande wa dirishani, nikaweka shuka la maua. Usiku wa msiba hakuna aliyelilalia, watu walilizunguka wakalala kwenye mikeka, maana niliwaambia lina mwenyewe.

Niliingia chumbani nikatoa shuka nikalikunja. Godoro nikalizungusha, nikalifunga kwa kitenge, likakataa mara mbili, la tatu likatulia. Nje watu walikuwa wanakula. Nilipita nyuma ya nyumba nalo kichwani, kupitia migombani, mpaka kwa jirani. Hakuwepo, alikuwa kwetu msibani akiosha sufuria. Nikalisimamisha barazani kwake, nikalifungua kitenge, na pale lilipokuwa limegusa majani ya mgomba nikalipangusa maji kwa mkono.