Jina la Pili la Mume Wangu

Mjukuu wangu akiwa na jambo hanuni kama watu wengine. Mdomo unachongoka tu, kama wa bata. Siku ile ulichongoka toka asubuhi. Nikamuigiza, nikauchongoa wangu hivi, wala hakucheka. Nikasema basi, leo kazi ipo.

Alikuwa kwenye mafunzo pale mjini Geita, mafunzo ya watu wanaojaribu programu za simu na kompyuta kabla wananchi hawajaanza kuzitumia. Mimi shule sikuikanyaga, nilichunga ng'ombe wa baba, kwa hiyo alinieleza taratibu: "Bibi, ni kama unavyoonja mchuzi kabla hujapakua." Nikamwambia kumbe mnafundishwa udokozi wa jikoni.

Lakini nilijua uzito wake. Tangu amalize chuo alikuwa hapa kwangu Kalangalala anasuka watu nywele barazani, vyeti vyake viko kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati. Na kwenye hayo mafunzo, mtu mmoja tu ndiyo angechukuliwa kwenda Mwanza kuendelea na mafunzo ya juu, akimaliza anaingia kazini. Sharti lake, kila mmoja alete kosa ambalo wenzake hawajaliona. Programu waliyopewa ilikuwa ya kliniki. Mama mjamzito anapiga simu, sauti inamuuliza maswali, anajibu kwa mdomo, anaandikishwa, siku yake ya kliniki ikifika anakumbushwa. Kwa sisi tusiojua kusoma, tamu kweli. Wenzake wote walishaleta makosa yao. Yeye mikono mitupu, na kesho ndiyo siku ya kuonyesha.

"Bibi," akasema, "niazime sauti zako."

Hapo alinipatia. Mimi naigiza watu tangu usichana wangu, nilishachapwa sana kwa ajili hiyo. Akapiga ile namba, akaniwekea simu mdomoni. Nikaanza na jirani yangu Mzinza anayeongelea puani. Ikamwandika. Nikafanya mke wa mchimbaji anayepiga kelele kama mumewe yuko chini ya shimo. Ikamwandika. Nikafanya binti wa Nyasubi anayevuta maneno, "jamaniii, mimba yangu ina miezi mitatuuu," ikamwandika na asante juu. Majina nilikuwa natunga tu, yanayonijia.

Mjukuu akaishiwa nguvu. "Haina kosa, Bibi. Basi tena." Halafu akasema, "Hebu jibu ya mwisho kama wewe mwenyewe. Majina ya kweli."

"Mimi? Mimba, kwa umri huu?"

"Bibi, jibu tu."

Nikajibu. Jina langu, likapita. Mimba miezi mitano, ikaamini, mjinga yule. Halafu ile sauti ya kike, laini kama imepakwa samli, ikasema: "Tafadhali taja majina matatu ya mume wako."

La kwanza nikalitaja. Marehemu nilikuwa namtania kwa jina lake mpaka anaingia kaburini. Nikafika la pili, nikafunga mdomo.

"Samahani, sijakusikia. Tafadhali rudia."

Kimya.

"Samahani, sijakusikia."

Kimya. Mara ya tatu ikasema asante kwa kupiga simu, ikakata.

"Bibi, umelisahau?"

"Nimsahau baba mkwe wangu? Mtu aliyenitolea ng'ombe?"

"Sasa si useme!"

"Wewe mtoto! Mkwe hatajwi. Siku amekufa nililia kutwa nzima na sikumtaja."

Akanitazama. "Sasa hospitali ulikuwa unafanyaje?"

"Nesi alikuwa anauliza, mimi naangalia chini. Akiona nimeinamisha kichwa anamgeukia niliyekuja naye, huyo anasema. Wale ni watu, mayu, mama yangu. Hii simu yako itamgeukia nani?"

Mtoto alisimama kama ameumwa na siafu. Jioni ile ile akazunguka kwa majirani. Mama wa Kisukuma wa nyumba ya mabati mekundu, ilikata. Mama muuza dagaa, ilikata. Mke wa mwanawe mdogo pia, ilikata, tena huyo alikuwa mjamzito kweli.

Kesho yake nikavaa kitenge changu cha kanisani, tukaenda. Ukumbi umejaa vijana na kompyuta zao. Mkufunzi wao ana tai, anaongea kama anasoma taarifa ya habari. Mjukuu wangu akaeleza kosa lake vizuri, akawasikilizisha na sauti alizorekodi kwa majirani. Mkufunzi akasikiliza, akakohoa.

"Hilo si kosa la programu. Ni kosa la mtumiaji. Mtumiaji ataelekezwa."

"Nani atamwelekeza, mwalimu?" mjukuu akasema. "Yuko peke yake na simu. Ikikata, mama huyu hajaandikwa. Hatakumbushwa kliniki."

Kijana mmoja wa mbele akadakia, "Si aseme tu jina la uongo?"

Nikamwambia, "Na nesi akitoka nje kuniitia mume kwa hilo la uongo, utaitika wewe?"

Wakacheka, lakini mkufunzi alishaanza kufunga daftari. Nikaona mdomo wa mjukuu wangu unachongoka. Nikainuka.

"Mwalimu, mama yako yuko wapi?"

"Yuko Kahama, bibi."

"Mpigie. Weka sauti kubwa tusikie wote."

Akasita, lakini angefanyaje, watu wote wanamtazama. Akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, umekula?" Ukumbi mzima chini kwa kicheko.

"Nimekula. Mama, naomba unitajie majina matatu ya baba."

Akalitaja la kwanza. Halafu simu ikanyamaza. Mkufunzi akaitazama, akaitikisa kidogo.

"Mama? Na la pili?"

"Kwani wewe babu yako humjui anavyoitwa?"

"Namjua, ila nataka ulitaje wewe."

"Nimtaje mkwe wangu! Umekunywa nini asubuhi hii? Na hapo uko na nani? Nasikia watu! Umeniweka mbele za watu?"

Vijana walipiga meza. Mkufunzi akalegeza tai, akasema, "Samahani mama, nitakupigia," akakaa kwenye kiti chake. Akamuuliza mjukuu wangu, sasa bila ile taarifa ya habari, "Wewe ungeirekebishaje?"

"Mtu akinyamaza, isikate. Imuulize kama hapo karibu kuna mwingine wa kumsaidia kutaja. Kama hayupo, imwandike hivyo hivyo, hilo jina litajazwa akifika kliniki."

Mkufunzi aliandika. Aliandika sana.

Saa tisa wakaja wakubwa wao kusoma jina la anayekwenda Mwanza. Lilikuwa moja. Likasomwa lote, na la baba na la babu, la mjukuu wangu! Vigelegele nilivyopiga, mlinzi aliingia kuona kuna nini. Mtoto akanishika mkono tukaenda mbele wote wawili, ananikanyaga miguu njia nzima. Mkufunzi akainama mpaka tai ikaning'inia.

"Shikamoo, bibi."

Nikamwacha asubiri kidogo, ndiyo nikaitikia.

Mjukuu wangu akapewa barua. Akaishika kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, anaisoma kimoyomoyo, na barua yenyewe kichwa chini miguu juu. Ikabidi nimgeuzie mimi.